Sarafu Saba za Chini ya Chungu

Shangazi yangu alishika kila kitu kwa ukingo. Biskuti, kitufe, kidonge cha presha, hata chenji ya dukani aliibana kati ya kidole gumba na kidole cha kati, kama mtu aliyemshika mdudu na hataki kumuumiza wala kuumwa. Wenye maduka walimcheka. "Mama, hiyo haina umeme," muuza mkate alimwambia siku moja. "Ya kwako haina," akajibu, "za kwangu zinao," akaiangusha kwenye mkoba bila kuigusa uso. Kazi yake ilikuwa kutambua sarafu za kale katika makumbusho, na mtambuzi hagusi uso wa sarafu, kwa sababu jasho la kidole huacha alama ambayo fedha haiisahau. Alifundishwa hivyo akiwa msichana. Hakuacha hata alipokuwa hana tena sarafu ya kushika.

Alikuwa dada mdogo wa baba yangu. Hakuolewa, na watu walipomchokoza kwa hilo alisema amezoea kupima kwanza, na wanaume hawapendi kupimwa. Chumba chake cha kazi kilikuwa nyuma ya ngazi: meza yenye kitambaa cha kijani, taa ya shingo ndefu, mizani iliyokaa ndani ya kisanduku cha kioo ili upepo usiisumbue, na lenzi aliyoivaa shingoni kwa kamba ya kiatu. Mimi nilikuwa jirani yake katika ukumbi huohuo, nikiandika maelezo ya makabati, yale maandishi madogo ambayo wageni huyapita wakitafuta choo.

Zilizompa jina ni sarafu za fedha za Warumi. Alinifundisha kuzisoma wakati wa mapumziko, kwa utaratibu ambao hakuruhusu niuruke. Kwanza kichwa. Halafu herufi zinazokizunguka. Halafu mgongo, palipo na mungu wao wa kike aliyeshika mizani, au askari, au gari la farasi. Halafu ukingo. Wafalme wao aliwapa majina yake mwenyewe: Shingo Nene, Ndevu, Mtoto wa Mama. Herufi zilinichanganya, maana kila neno lilikuwa limekatwa mkia.

"Walikuwa wachoyo," nilimwambia.

"Nafasi ni ndogo na sifa ni nyingi. Wewe ungefanyaje?"

Aliniambia kuitambua sarafu ni kama kumtambua mtu anayekuja kwa mbali. Unaona mwendo, kisha umbo, na jina ndilo la mwisho kufika. Ukilitanguliza jina, utamsalimia mtu asiye yeye.

Kipimo chake cha mwisho kilikuwa sauti. Aliilaza sarafu kwenye ncha ya kidole alichokivika kitambaa laini, akaigonga kwa mpini wa brashi, akaisogeza sikioni. Fedha ya kweli iliyopigwa nyundo huimba, sauti nyembamba inayokwenda mbali. Ya uongo, iliyomiminwa kwenye kalibu kwa bati na madini mengine, hutoa mlio mfupi na kufa. Watu wa makumbusho wakamwita Sikio. Mkurugenzi alipenda kumleta mbele ya wageni wakubwa, akamgeuza uso ukutani, akagonga sarafu moja moja nyuma yake, na yeye akaitaja ya uongo bila kugeuka. Wageni walipiga makofi. Nikizikumbuka siku zile sasa, natamani angalau mara moja angekosea, mbele ya watu, kwa jambo dogo lisilomdhuru mtu.

Rafiki yake pale kazini alikuwa mtunza ghala. Tulimwita Kufuli. Alivaa funguo kiunoni, na hakumwamini mtu yeyote, hata yeye mwenyewe: akishafunga mlango wa ghala huenda hatua chache, anarudi, anauvuta tena. Waliajiriwa pamoja wakiwa vijana. Chai ilikatazwa ghalani na ilikatazwa chumbani kwa Shangazi, kwa hiyo waliinywa ukumbini wamesimama, miaka yote hiyo, kama watu wanaosubiri kuitwa ndani.

"Dada, mfalme wako kaamkaje leo?"

"Kaamka na shingo yake, kaka."

"Mwambie apunguze kula."

Kufuli alikuwa anamwita dada, na mkewe alimwita wifi, na watoto wao walimwita shangazi kama mimi. Hakuna aliyekumbuka tena kwamba hawakuwa ndugu wa damu.

Chungu cha sarafu kililetwa na vibarua waliokuwa wakichimba mtaro wa bomba la maji. Shangazi na Kufuli walikipokea pamoja. Alizitoa sarafu kwa kijiko cha mti, na za juu zikatoka kavu, nyingine ziking'aa. Chini kabisa, palipokuwa na maji, zilibaki saba zimegandamana kwenye tope la kijivu. Alizitenganisha, akazitambua zote kuwa za kweli, akazipima, kila moja akaitia kwenye bahasha yake iliyoandikwa uzito wake, Kufuli akafungia. Muda mfupi baadaye baba yangu aliugua, na Shangazi akaomba likizo akaja kumuuguza. Alipokuwa kwetu, fundi wa maabara alizisafisha sarafu zote kwa dawa. Zikarudi ghalani nyeupe safi, zikakaa kwa miaka.

Zilitolewa tena wakati makumbusho yalipoandaa chumba kipya cha maonyesho. Mkurugenzi alitaka kila sarafu itazamwe upya na kutiwa sahihi kabla haijawekwa nyuma ya kioo. Shangazi alianza asubuhi, mlango wake ukiwa wazi. Kutoka kwenye meza yangu nilisikia mlio wa fedha, mmoja baada ya mwingine, nikawa naandika huku nao ukinisindikiza. Ghafla nikasikia mlio mkavu, kama kugonga kifungo cha koti. Kimya. Ukarudiwa. Kimya kirefu zaidi.

Nilipoingia alikuwa amezitenga saba upande mmoja wa kitambaa.

"Funga mlango," alisema.

Alinionyesha. Sauti ilikuwa imekufa, kwa zote saba. Ngozi ya sarafu chini ya lenzi ilikuwa na vishimo vidogo vidogo, kama vile vinavyoachwa na mapovu sarafu ikimiminwa kwenye kalibu. Halafu akaziweka kwenye mizani. Kila moja ilikuwa nyepesi kuliko uzito ulioandikwa kwenye bahasha yake kwa mkono wake mwenyewe.

"Labda ni lile tope lililotoka," nilisema.

"Tope halina uzito huo." Uso wake ulikuwa umenyauka. "Nilizitia sahihi za kweli. Hizi si hizo."

Hakulitaja jina. Ghala lilikuwa na mlango mmoja, na mlango ulikuwa na mtu mmoja. Nilimwona akisimama, akikaa, akisimama tena, akiitazama njia ya ukumbini ambako saa ya chai ilikuwa karibu. Kisha akachukua karatasi, akaandika ripoti, akapanda ngazi kwenda kwa mkurugenzi. Ukumbini Kufuli alisimama na kikombe chake akimngoja. Nilitaka kumpita. Aliniuliza, "Dada yuko wapi leo?" nikasema ana kazi.

Jioni hiyo polisi walimchukua. Alikataa kumpa mpelelezi funguo mpaka mkurugenzi aje azipokee mwenyewe, mkononi, moja moja. Na alipotolewa nje, kwa mazoea, aligeuka akataka kwenda kuuvuta mlango, askari akamshika bega.

Siku chache baadaye mkewe alimngoja Shangazi langoni. Hakupiga kelele. Ingekuwa afadhali angepiga.

"Wifi, ulimwona mume wangu akiiba?"

"Sikumwona."

"Sasa umeona nini?"

"Nimesikia."

"Kwa nani?"

"Sarafu. Sauti yake."

Yule mama alimtazama, kisha akacheka, kicheko kisicho na furaha hata chembe. "Sarafu imekwambia. Mimi nimelala na huyu mtu miaka yote hii, watoto wangu wanamjua, wewe mwenyewe umekunywa naye chai mpaka meno yamebadilika rangi. Hakuna aliyeulizwa. Kaulizwa sarafu." Akaondoka.

Shangazi hakwenda kazini mchana ule. Alikwenda kituoni, nami nikamfuata kwa kuwa sikutaka aende peke yake. Kufuli aliletwa nyuma ya wavu. Ndevu zilikuwa zimemwota, na mkono wake ulikwenda kiunoni mara kwa mara mahali ambapo funguo hazikuwepo.

"Umekuja kunisikiliza kama ninalia vizuri?" alisema.

"Nimekuja kukuuliza."

"Sasa?" Aliegemea ukuta. "Haya, uliza."

"Ulizitoa?"

"Sikuzitoa."

"Kuna mtu aliwahi kuingia?"

"Hakuna. Ningekudanganya ningesema yupo, ningepona. Hakuna." Hasira ikampanda. "Hebu niambie wewe uliyesoma. Hizo saba zinafanana? Zina uso mmoja?"

"Hapana. Kila moja ina alama zake."

"Basi ni mwizi gani huyo, atengeneze kalibu saba kwa sarafu saba? Si angechonga moja akamimina zote? Na kwa nini achague zile mbovu? Zile zilikuwa za chini, dada. Ulizitoa mwenyewe kwa kile kijiko chako, zimeshikana na tope, ukaniambia zinanuka chura. Juu kulikuwa na zinazowaka kama taa. Mimi niache taa niibe chura?"

Askari wa zamu alicheka kwa sauti. Shangazi hakucheka. Alikuwa ameushika wavu kwa vidole viwili.

"Za chini," alisema.

"Za chini. Kwenye maji."

Tulipofika nyumbani kwake hakuvua viatu. Alikaa mezani jikoni akachukua bonge la sukari, akalitazama, akaliweka mbele yangu.

"Fedha ya Warumi haikuwa tupu," alisema polepole. "Walichanganya na shaba kidogo. Ikikaa kwenye maji karne na karne, ile shaba iliyo katikati ya chembe na chembe huliwa. Nje unaona sarafu. Ndani imekuwa kama hili bonge: chembe zimesimama pamoja lakini hazishikani. Ukiigonga haiimbi. Itaimbaje?"

"Na uzito?"

"Lile la kijivu halikuwa tope peke yake. Ilikuwa fedha yenyewe iliyooza ikawa gamba. Fundi alipoiosha kwa dawa, gamba likatoka na uzito wake, ngozi ikabaki na vishimo." Akajifuta uso kwa kiganja. "Sauti, ngozi, uzito. Mashahidi watatu, nikaona wanatosha. Wote watatu wanaweza kuwa wametoka kwenye maji yaleyale."

"Ulikuwa unayajua haya?"

"Niliyasoma chuoni. Nikayajibu kwenye mtihani, nikapata alama. Lakini haijawahi kunifikia mkononi, na sikio langu halijawahi kuniangusha." Kisha akasema lililomtesa zaidi: "Na bado sijui. Inawezekana ni za kweli zilizooza. Inawezekana ni za uongo, na mimi namtafutia rafiki yangu mlango wa kutokea."

Mkurugenzi hakutaka kusikia. Alikuwa ameshatangaza wizi. Alisema kama ana shaka, sarafu zitapelekwa nje kwenye maabara kubwa, na majibu yatakuja baada ya miezi.

"Na yeye akae ndani miezi hiyo?"

"Sheria ina utaratibu wake. Na sahihi ni yako, Bibi."

"Kuna njia ya haraka."

Alipomwambia njia hiyo, mkurugenzi alimtazama kama mtu aliyesikia tusi. Alikubali kwa sababu moja tu: mpelelezi, aliyetakiwa kufikisha kesi mahakamani karibuni, alitaka ushahidi usioyumba, akasema atakuja mwenyewe kuona.

Kikao kilikuwa asubuhi, katika chumba cha mikutano. Nami niliitwa kuandika kumbukumbu. Shangazi alitandika kitambaa cheupe, akazipanga zile saba, akatoa koleo mbili ndogo ambazo meno yake alikuwa ameyavika ngozi laini. Alivaa nguo aliyoivaa kwenye mazishi ya baba yangu. Sidhani kama aliichagua kwa makusudi.

"Nitaikunja moja," alisema. "Ikiwa ni bati au fedha ya juzi, itapinda. Ikipinda, ripoti yangu ni kweli na mnaendelea na mtu wenu."

"Na ikivunjika?" aliuliza mpelelezi.

"Tutatazama ndani."

"Na ikiwa ya kweli," alisema mkurugenzi, "utakuwa umevunja kitu kilichodumu karibu miaka elfu mbili."

"Ndiyo."

"Mali ya umma."

"Ndiyo."

"Ambayo wewe uliapa kuilinda."

Shangazi alinyoosha pindo la kitambaa kwa kidole.

"Basi chagua ile mbovu kuliko zote," mkurugenzi alisema, sauti ikiwa imeshuka.

"Nikivunja mbovu, kesho mtasema mbovu ndiyo iliyokuwa ya kweli na nzuri ndizo zilizoibwa." Akainyanyua moja, kwa ukingo. Niliijua. Ilikuwa na mke wa mfalme mmojawapo, nywele zake zimesukwa na kurundikwa juu ya kichwa kama kikapu, shingo nyembamba, mdomo ukielekea kutabasamu. Shangazi alimwita Bibi Harusi. Katika ripoti yake, chini ya sarafu hiyo, alikuwa ameandika kwamba ni ya uongo bila shaka yoyote. "Hii ndiyo niliyoiapia. Tuanze nayo."

Aliniambia baadaye kwamba hakujua aombe nini. Ikipinda, yeye yuko sahihi na rafiki yake ni mwizi. Ikivunjika, rafiki yake ni msafi, na yeye ndiye aliyemtia ndani. Hapakuwa na upande wa kupumzikia.

Akaibana kwa koleo mbili, akakandamiza. Hakuna kilichotokea. Akavuta pumzi, akakandamiza tena, na niliiona ikianza kupinda. Mkurugenzi naye aliiona. Alishusha pumzi akaegemea kiti. Kalamu yangu ilisimama. Nilimfikiria Kufuli nyuma ya wavu, mkono kiunoni. Lakini ilikuwa ngozi ya koleo ndiyo iliyokuwa ikilegea, si sarafu. Shangazi alizishika upya, akakandamiza mara ya tatu.

Sauti ilikuwa ndogo sana, kama unapotafuna mchanga ndani ya chakula. Nusu ya Bibi Harusi ilianguka kwenye kitambaa.

Shangazi akaivua lenzi shingoni akampa mpelelezi.

"Tazama wewe kwanza. Mimi macho yangu leo hayafai kwa ushahidi."

Mpelelezi aliinama, akahangaika na taa. "Naona chembechembe. Kama sukari iliyogandamana."

"Rangi?"

"Kijivu. Na mistari. Mistari myeusi inapita katikati ya chembe."

"Inaishia wapi? Karibu na ngozi?"

Alichukua muda mrefu. Niliisikia saa ya ukutani, na pumzi ya mkurugenzi, na mtu akiburuta kiti ghorofa ya chini. "Haiishii," alisema. "Imeingia mpaka katikati."

Shangazi akakaa. "Huo weusi ni maji na udongo," alisema. "Hakuna fundi wa uongo anayeweza kutia uchafu moyoni mwa sarafu na kuiacha nje nzima. Hiyo inachukua karne. Ni ya kweli. Zote ni za kweli. Ni zilezile nilizozitoa kwenye chungu."

"Hiyo moja," mkurugenzi alisema. "Na sita?"

"Zilikaa mahali pamoja, zimeoshwa pamoja, zina sauti moja. Mkitaka nivunje nyingine, nipeni."

Hakuna aliyempa. Mpelelezi alifunga faili lake akasema kwamba kama hakuna kilichoibwa, basi hakuna mwizi, na yeye ana kazi nyingine. Mkurugenzi alibaki akizitazama zile nusu mbili. Nilidhani atamfokea. Alisema tu, "Alikuwa mzuri, huyu mwanamke," na Shangazi akajibu, "Alikuwa mzuri sana," na hapo ndipo alipoanza kulia.

Kufuli aliachiwa siku hiyohiyo. Baada ya mapumziko alirudi kazini, akarudishiwa funguo zake mbele ya wafanyakazi wote, watu wakampigia makofi, akashukuru kwa kuinamisha kichwa. Siku yake ya kwanza, saa ya chai, Shangazi alitoka na vikombe viwili. Nilikuwa mlangoni kwangu na nilisikia kila neno, na sikuondoka.

Kufuli alifunga ghala, akaenda hatua chache, akarudi, akauvuta mlango.

"Kaka," Shangazi alisema.

"Madamu." Hakukichukua kikombe. "Ghala limefungwa. Kama kuna kitu unahitaji, andika."

"Nimekuja kukuomba radhi."

"Umevunja sarafu kwa ajili yangu. Kila mtu ananiambia nikushukuru. Nashukuru."

"Sitaki shukrani yako. Tukana. Nitie hata kofi."

"Sina tusi, Madamu." Alizishika funguo zisilie. "Ungekuja hapa. Hatua kumi tu. Ungekuja hapa mlangoni kabla ya kupanda kule juu, ukaniambia, kaka, sarafu zimekuwaje? Ningekucheka. Tungezitandaza tukazitazama wote. Ulikaa asubuhi nzima unazisikiliza zile. Mimi nilikuwa nimesimama hapa na chai, hukunisikiliza hata kidogo."

Kufuli akampisha kwa heshima, kama unavyompisha mgeni, akaenda zake.

Kwa kuvunja sarafu aliambiwa asitie sahihi tena, na kabla ya mwaka kwisha alistaafu, mapema kuliko alivyopanga. Chumba cha maonyesho kilifunguliwa. Niliyaandika mimi maelezo ya zile sita: zilikotoka, zilivyokaa kwenye maji, kwa nini haziimbi. Nusu mbili za Bibi Harusi ziliwekwa ghalani katika bahasha moja, chini ya funguo za Kufuli.

Nilihamia kwa Shangazi moyo wake ulipoanza kumsumbua. Kila nikirudi kazini aliniuliza, kabla sijaweka mkoba chini, "Kufuli hajambo?"

"Hajambo."

"Kasemaje?"

"Kakusalimia."

Ilikuwa kweli. Kila jioni Kufuli aliniambia, "Msalimie Madamu." Nilizifikisha salamu, neno la mwisho nikalibakiza njiani. Mkewe alikuja, zaidi ya mara moja, akaketi naye, wakazungumza habari za watoto. "Mwache, wifi," nilimsikia akisema. "Atakuja. Unamjua alivyo, mpaka arudi auvute mlango kwanza." Shangazi aliitikia kwa kichwa kwamba anamjua. Alianza kulala mchana kwenye kochi la sebuleni, akisema chumbani kuna joto. Sikuona tofauti ya joto. Sebuleni ndipo palipo karibu na mlango.

Siku yake ya mwisho alikula kidogo, akalalamika kwamba supu haina chumvi, nikamwambia daktari ndiye aliyeinyima. Nilimpa vidonge vyake, nikamfunika miguu, nikavuta pazia. Alikuwa amefumba macho na nilidhani ameshapitiwa, nikaanza kutoka kwa ncha za vidole.

"Kufuli akija," alisema, "usimwambie nimelala. Niamshe."